Kauntabuku la Ndege

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wahitimu wa chuo cha ualimu, mkoani Tanga. Imeandikwa kama ilivyosemwa, na kupunguzwa hapa na pale.

Marahaba. Marahabani wote.

Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi wenzangu mliotoka mbali na vitenge vya sare, na nyinyi wanangu mnaohitimu leo. Mshereheshaji amenipa dakika 20, na wakati ananipa alinitazama kwa jicho la mtu anayewajua wastaafu. Usiwe na wasiwasi, baba. Hata mimi pilau nimeinusa. Na si mimi peke yangu: pale juu ya paa la jiko wapo kunguru wawili walionusa kabla yangu. Tutawarudia.

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie maisha. Nimekaa na barua hiyo siku tatu. Maisha ni mzigo mkubwa, mtu akiubeba wote mara moja anaanguka nao. Nikaamua nizungumze juu ya kitu ambacho nina kumbukumbu zake za maandishi. Hii mnayoiona mkononi ni kauntabuku. Ni ya sita. Ya kwanza niliinunua mwaka 1981, nilipopangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi. Ndani hamna kitu ila ndege: ndege gani, siku gani, mti gani, amefanya nini. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mke wake ni mhasibu wa ndege.

Naomba niseme mapema kuwa mimi si mtaalamu. Nimefundisha Hesabu na Kiswahili, darasa la kwanza hadi la nne, miaka 34, basi. Ndege nilianza kuwatazama kwa sababu ya upweke. Nyumba ya mwalimu ilikuwa peke yake nyuma ya shule, redio haikuwa na betri, na jioni sikuwa na wa kusema naye. Mbele ya mlango palikuwa na mnazi mmoja, na mnazi huo ulikuwa mji wa mnana.

Mnawajua mnana: mwili wa manjano, uso mweusi, jicho jekundu, na kelele za mnada. Dume anakwenda kwenye kuti, analing'ata jani ukingoni, kisha anaruka. Anaporuka, uzi unachanika wenyewe kwa urefu wa jani. Anarudi nao mdomoni, anauzungusha kwenye kijiti, anaupitisha chini, anauvuta, anaupitisha tena. Kwanza anafuma pete. Pete ikishakamaa anasimama ndani yake, na tangu hapo hapo ndipo pake. Ukuta wa mbele anaufuma akiwa ameinama, dari anaifuma kichwa amekirudisha nyuma, na kiota kinatoka ukubwa wa pale mdomo wake unapofika. Hana futi, hana kamba. Futi yake ni shingo.

Akimaliza ananing'inia chini ya kiota, kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa na kupiga kelele: karibuni muone nyumba. Jike anakuja. Anaingia, anavutavuta nyuzi kwa mdomo kama mama anayekagua kanga dukani, anatoka, huyoo anakwenda zake. Wala haagi. Siku zinapita, lile jani la kijani linakauka, linakuwa kahawia, na majike hawaigeukii tena nyumba ile. Basi yule bwana anaanza kuibomoa. Uzi kwa uzi, kwa mdomo uleule alioufumia, mpaka kijiti kinabaki kitupu. Kisha anaanza pete nyingine palepale.

Sasa sikilizeni nilichoandika. Kauntabuku ya kwanza, ukurasa wa kwanza, wino wa bluu: "Mnana ni mharibifu na hana subira." Nilikuwa na miaka 22 na cheti ambacho hakijakunjwa. Na sikuishia kuandika. Wiki iliyofuata nilikuwa mwalimu wa zamu, nikasimama mstarini nikawaambia watoto 300 wasiwe kama mnana, anayejenga na kubomoa. Wakaitikia: "Ndiyo mwalimu." Watoto huitikia chochote asubuhi kabla ya uji.

Ilinichukua misimu miwili ya kukaa mlangoni kugundua kwamba sikuwa nimetazama. Nilikuwa nimechungulia tu, nikapata somo la mstarini, nikaridhika. Misimu miwili baadaye ndipo nikaona kuwa mle mnazini kuna madume ambao uso haujawa mweusi, bado wana rangi za kike. Vijana. Nao wanafuma. Lakini viota vyao ni vioja: kimoja kimelegea kama mfuko wa sokoni, kingine kina matundu mawili, kingine kimefumwa nusu kikaachwa, kingine kinadondoka chini hata upepo haujaja. Hakuna jike anayekwenda kuwakagua. Wanafuma na kufumua, asubuhi hadi jioni, na hakuna anayewaona ila mwalimu mmoja mpweke.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu alinisomea kwenye simu yake habari za mume na mke wa huko Marekani, Nicholas na Elsie Collias, waliofuga mnana wa aina hii hii Los Angeles ili wachunguze ufumaji wao. Walilea vijana wa kiume bila kuwapa majani wala nyuzi za kuchezea. Ndege wazima, wanakula, wanakua, ila hawana cha kufuma. Walipokuja kupewa majani baadaye, hawakuweza kufuma kama wenzao waliokuwa wakichezea majani tangu wadogo. Mjukuu akauliza, "Bibi, mbona unanyamaza?"

Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka shule moja, siitaji jina. Pale madaftari ya darasa la kwanza yalifungiwa kabatini hadi muhula wa pili. Sababu ilikuwa kwamba watoto wanayachafua. Mwaka mzima sikusema neno. Funguo za kabati lenyewe mara nyingine nilikuwa nazo mimi. Na wale watoto walipofika la tatu, tukawa tunaulizana ofisini kwa nini mwandiko wao ni mbaya.

Tuyaache hayo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema jukwaani. Mwaka 1986, shule nyingine, wilaya nyingine. Tulikuwa na ghala la mahindi ya uji wa watoto, chumba cha mwisho cha jengo la madarasa, na juu yake dari ya mbao. Mlinzi akaja asubuhi moja akasema usiku kuna mtu anakoroma darini. Tukacheka. Usiku wa pili akasikia tena, kukoroma kwa mtu mzima aliyeshiba, na usiku wa tatu hakuja kazini, wala hakuja tena kabisa. Wiki hiyohiyo mtoto wa darasa la tatu akashikwa na homa kali. Na jioni moja watu wakamwona mwenyewe, ametua juu ya paa: mweupe kwa chini, uso umechongoka kama moyo, macho meusi, kimya. Bundi.

Mnajua wenyewe bundi akitua juu ya nyumba watu wanasemaje. Kamati ya shule ilikaa nusu saa tu. Mimi nilikuwepo, ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao. Nilikuwa na kauntabuku mbili zimejaa ndege, na bado nilikaa pale na kalamu yangu nikaandika kwamba wajumbe kwa kauli moja wamekubaliana. Kauli moja, na yangu imo.

Wavulana wa darasa la saba walipanda na fimbo. Bundi mzazi mmoja aliruka akaokoka. Mwingine hakuwahi. Ndani kabisa, kwenye kona, walikuta makinda manne yamevaa manyoya meupe kama pamba, yanajirudisha nyuma yakikoroma. Ndiyo waliokuwa wakikoroma. Kinda wa bundi yule akitaka chakula halii kama kifaranga, hukoroma. Kilichotokea baada ya hapo sitakieleza, wapo watoto hapa.

Nilipanda mimi mwenyewe baadaye, wote walipokwisha kwenda. Sakafu ya dari ilikuwa imejaa madonge meusi, kila moja kama kidole gumba, mengine makavu, mengine bado yanang'aa. Nikachukua moja, nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda nalo nyumbani. Nikaliloweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, nikawasha taa ya chemli, nikalifungua kwa sindano ya kushonea. Manyoya yalielea. Chini kukabaki mifupa. Mafuvu matatu ya panya, na meno yake ya mbele ya rangi ya chungwa. Taya. Mbavu nyembamba kama uzi. Bundi humeza panya mzima, kisha huyatapika manyoya na mifupa vimeviringika donge moja. Mafuvu matatu ndani ya donge moja, na pale darini madonge sikuweza kuyahesabu.

Mtoto wa darasa la tatu alipona. Alikuwa amekwishapewa klorokwini zahanati na homa imeshuka kabla hata wavulana hawajapanda darini. Panya nao wakapata nafasi. Kabla muhula haujaisha ukigusa gunia mahindi yanamwagika kwa chini, na uji wa watoto ukakatika mwezi mmoja kabla ya mavuno. Kwenye kauntabuku siku ile ya kikao nimeandika tarehe tu. Hapa, mnaona? Tarehe, halafu ukurasa mtupu.

Msidhani ni ushamba wa kwetu peke yetu. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, watu waliosoma sana walibishana ndege wao wanakwenda wapi majira ya baridi. Wapo walioandika kwamba mbayuwayu huzama matopeni chini ya maziwa na kulala humo mpaka joto lirudi. Halafu mwaka 1822, kijiji cha Klütz, Ujerumani, likaonekana korongo limechomwa mkuki shingoni, mti wa karibu sentimita 80 umepenya na kutokea upande wa pili. Mkuki wa Afrika. Basi ubishi ukaanza kuisha. Korongo yule amekaushwa, yuko Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo. Mimi huwa namwonea huruma: amerushiwa mkuki huku kwetu, amevuka jangwa na bahari nao shingoni, amefika kwao salama, wakampiga risasi.

Haya. Kutoka hapa kwenda Amani, kule milima ya Usambara, si mbali, nendeni siku moja, kabla hamjatawanyika kwenye vituo vyenu. Mkifika msituni mtasikia mlio kama wa mbuzi anayekabwa, na juu yake uvumi wa mabawa mazito. Huyo ni hondohondo. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti mkubwa, na mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Anakaa humo miezi. Anataga, anaatamia, analea, na dume ndiye anayelisha.

Nimekuwa kwenye harusi moja ambako mtoa nasaha alimtaja hondohondo. Alisema: tazameni, hata ndege dume humfungia mke ndani. Wanaume wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa meza ya mashangazi na nilitamani sana kipaza sauti. Kwa sababu huyo mzee hakukaa chini ya mti. Dume huleta udongo, ni kweli, lakini anayeusiliba ukuta kwa ndani ni jike mwenyewe, kwa mdomo wake, na ufa ule ni yeye anayeuacha uwe mwembamba ili nyani na nyoka wasipite.

Na kulisha kwenyewe si mchezo. Kuna Mwingereza aliyeitwa Moreau, alifika Amani mwaka 1928. Ndege hakuwa amesomea. Alitokea kwenye kazi za ukaguzi wa hesabu. Pengine ndiyo maana nampenda. Yeye na vijana wa hukohuko milimani walioajiriwa kwa kazi hiyo walikaa chini ya miti yenye matundu, wakahesabu. Dume anakuja koo limejaa matunda, anayatoa moja baada ya jingine na kuyapitisha kwenye ufa. Hesabu yao ilifika kwenye makadirio haya: siku 120, safari 1,600, matunda 24,000. Kwa kiota kimoja. Nasaha ya harusi ikitoka kwenye hesabu hiyo, sijui kama wanaume wale wangepiga makofi.

Lakini hapohapo najionya. Mimi nami nikimfanya hondohondo kuwa wakili wangu, nitakuwa nimefanya kosa lile la mzee. Ndege yule hana habari na ndoa zetu. Ana habari na nyoka.

Niliwahi pia kuhamishiwa Dodoma, miaka minne. Huko nilijifunza jina la kwelea kwelea kwa njia ambayo walimu hujifunza: kupitia daftari la mahudhurio. Mtama ukianza kuiva, madawati yanabaki matupu. Watoto wako shambani, juu ya dungu, wanawinga ndege kutwa kwa teo na makopo. Kulikuwa na mvulana mmoja wa darasa la nne ambaye Hesabu zilimshinda kabisa, alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Akakosekana wiki tatu. Aliporudi nilimchapa. Nimesema niseme kweli leo, basi nilimchapa.

Jumamosi moja nikapita kwao, mama yake akanielekeza shambani. Mtoto yuko juu ya dungu. Pembeni yake kuna mafungu mawili ya mawe. Nikamuuliza ya nini. Akasema: haya makundi yaliyokuja asubuhi, yale yatakayokuja alasiri nitaweka huku. Mchana hawaji, mwalimu, wanalala vichakani. Akanyoosha mkono: sasa hivi watatokea pale, kwanza kama moshi. Nikatazama, sikuona kitu. Nikakaa. Wakatokea palepale, kwanza kama moshi, halafu kama kitambaa kinachokung'utwa, halafu sauti. Akaweka jiwe. Alijua kundi la leo ni kubwa kuliko la jana kwa kiasi gani, na alijua kwa nini: mashamba ya ng'ambo ya korongo yalikuwa yamekwisha kuvunwa.

Jumatatu sikufundisha kilichokuwa kwenye maandalio ya somo. Niliandika ubaoni: kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi lina kwelea 1,000,000. Tafuta tani. Darasa zima likainamia madaftari, na yule mvulana akanyoosha mkono kabla sijaweka chaki chini. Tani 10, mwalimu. Kila siku. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kundi la milioni ni dogo.

Samahani, mshereheshaji, naona saa yako. Bado ndege mmoja.

Huyu nimemwona kwa macho mara mbili tu katika kauntabuku zote sita, na mara zote mbili nilikuwa na mtu anayejua zaidi yangu. Ni mlembe, ndege wa asali. Mdogo, wa kijivujivu, ukimkuta mtini hutamgeukia. Lakini anajua mizinga ya porini ilipo na hawezi kuivunja, na anapenda nta. Tumbo lake linaiyeyusha, jambo ambalo wanyama wachache wanaliweza. Basi anamtafuta mtu. Anakuja karibu, anapiga kelele, anaruka mti wa pili, anangoja, anapiga kelele tena, mpaka mnafika. Mtu anawasha moshi, anatoa asali, ndege anakula masega.

Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanamwita kwa mluzi. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji wanamwita kwa sauti nyingine, mtetemo wa midomo halafu mguno: brrr-hm. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na warina asali wa Kiyao. Mtu akitembea porini akitoa sauti nyingine yoyote, uwezekano wa kupata mlembe wa kumwongoza ulikuwa asilimia 33. Akitoa ile brrr-hm aliyoipokea kwa baba yake, asilimia 66. Baadaye wakafanya jambo ambalo linanifurahisha kuliko yote: wakapeleka sauti ya Wayao kwa mlembe wa Eyasi, na mluzi wa Kihadzabe kwa mlembe wa Msumbiji. Wa Eyasi waliuitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko ile sauti ya ugenini. Wa Msumbiji nao walishikamana na ya kwao, karibu mara mbili kuliko ule mluzi.

Na mlembe hakufundishwa na mama yake. Mama hutaga kwenye tundu la ndege mwingine, keremkerem kwa mfano, na kwenda zake. Kinda wa mlembe huzaliwa na ncha kali mdomoni kama ndoana, na kwa ndoana hiyo huwaua makinda wa mwenye nyumba. Ndiyo, yuleyule rafiki wa warina asali. Nilipolisoma hilo nilikasirika, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya za jirani. Halafu nikaliandika, kwa sababu ndivyo alivyo.

Kwa hiyo lugha ya watu wa pale anaipata wapi? Anaipata palepale anapoishi, kwa kusikiliza nani akipiga sauti gani asali hutoka. Wengi wenu mtapangiwa mahali ambapo mtoto wa darasa la kwanza hajui Kiswahili hiki cha jukwaani tunachokisema hapa. Mtamwita kwa sauti mliyojifunza chuoni. Atawatazama tu. Mtaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa. Mimi nimeandika hivyo, kwa watoto ambao sikumbuki majina, na ripoti zile ziko mahali fulani kwenye makabati, na sahihi yangu chini.

Basi. Nimewaletea zawadi, si kubwa: pale mezani kuna kauntabuku 40, moja kwa kila mhitimu, hazina maandishi. Wanangu walinichangia. Msiandike kitu cha maana ukurasa wa kwanza, utawaaibisha baadaye kama wangu ulivyoniaibisha.

Na kunguru wetu. Tangu nianze kusema, yule wa kushoto ameacha kuangalia masufuria. Ameshuka mara nne kwenye uzio wa jiko, anavuta kipande cha waya wa kufungia, kile chenye kutu pale kwenye nguzo. Amekizungusha kushoto, kikagoma, akakizungusha kulia. Mwenzake hamsaidii, anapiga kelele tu. Kunguru hawa si wa kwetu, mnajua. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakala taka, wakala na vifaranga, wakavuka bahari hadi hapa. Kila mtu ana neno juu yao, na mimi ninalo. Lakini ule waya sijajua anautakia nini. Huenda kiota, huenda mchezo. Sahani zikianza kugawiwa, mmoja wenu aliye karibu na dirisha anitazamie. Asante, mshereheshaji, chukua kipaza sauti chako.